Yadi inataka milioni moja na laki nane kwa kinga ya rangi, tulipe?

Ami, assalaam alaykum, na shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi, nakaa Fuoni na mume wangu na watoto wetu watatu. Mume wangu ni dereva wa watalii. Miaka sita ameendesha gari ya mtu, anapeleka wageni Nungwi, Paje na Jambiani, na kila jioni anapeleka hesabu kwa tajiri. Tumejibana kweli kweli. Upatu wangu umenifikia, yeye naye ameweka chake, na sasa alhamdulillahi tumefika pahala pa kununua gari yetu wenyewe. Tumepata Noah nyeusi ya mwaka 2010 kwenye yadi moja hapa mjini. Tumepatana milioni 19: milioni 14 tunatoa sasa, tano zilizobaki tunalipa kwa miezi kumi.

Siku tuliyokwenda kuandikiana, muuzaji akatoa karatasi nyengine. Anasema kuna kifurushi cha kinga, shilingi 1,800,000. Ndani yake mna seramiki ya kupakwa juu ya rangi, dawa ya siti isiyoshika madoa, na andakoti nyeusi ya kupulizwa chini ya gari kuzuia kutu. Akatwambia hiyo seramiki ina ugumu wa 9H, karibu sawa na almasi, hata jiwe haliikwaruzi. Ina dhamana ya miaka mitano. Kazi yote wanaifanya pale pale kwa muda wa saa moja na nusu, sisi tukae tunywe juisi. Tukilipa siku ile ile, atapunguza laki mbili. Na kama hatuna taslimu, pesa yote inaingizwa kwenye malipo ya mwezi, laki moja na elfu themanini tu, "hata hamtaisikia". Nilipomuuliza kama ni lazima, akacheka, akasema gari zote za yadi yao zinatoka nacho.

Mume wangu amekubali moyoni. Anasema gari ya wageni lazima ing'are, na bahari itaila gari mbichi. Ameiona ya tajiri wake ilivyooza milango mpaka ikawa mgeni akifunga kwa nguvu, vipande vinadondoka. Mimi naona hiyo ni pesa ya tairi na ya skuli. Mama mkwe anasema dereva ni mwanawe, nimwachie aamue anayelijua gari. Sasa siku ya tatu tunazungumza ya watoto tu. Muuzaji anapiga simu kila asubuhi na ametupa mpaka Jumamosi.

Ami, kinga hii ni kitu cha kweli? Au nikikataa nitakuja kulaumiwa siku gari itakapoanza kuoza?

Mwalimu wa Fuoni

Ami anajibu

Waalaykumu ssalaam mwanangu, marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili. Nakupa jibu mapema ili upate usingizi: msiilipe hiyo milioni na laki nane. Lakini usiende kumwambia mumeo kwamba Ami kasema umeshinda, maana alichokisema yeye kuhusu bahari ni kweli tupu. Hapa kwetu chumvi inakula gari, na tena inakula haraka. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba pesa mnayotakiwa kutoa inakwenda sehemu kubwa juu, kwenye rangi inayoonekana na kila mtu, na kutu haianzii huko. Inaanzia chini na ndani, pahala ambapo mteja hainami kutazama.

Basi nianze na hiyo andakoti, kwa sababu hapo nimeumia mwenyewe.

Escudo yangu ya kwanza niliinunua yadi, na nikalipia kupuliziwa andakoti nyeusi kama hiyo mnayotajiwa. Walipomaliza nikachungulia chini, kote kumekuwa kweusi, kumelingana, nikafurahi kama mtoto siku ya Idi. Masika mawili yakapita. Siku moja naiosha gari, nikabonyeza kwa dole gumba ule ukingo wa chini ya mlango wa dereva, pale unapopitisha mguu ukiingia. Dole likazama. Andakoti ilikuwa nyeusi vile vile, inang'aa vile vile, na nyuma yake bati limeshakuwa unga mwekundu. Fundi bodi alipoibandua kwa bisibisi ilitoka vipande vipande kama ganda la muhogo, na upande wa ndani wa kila kipande ulikuwa umeshikana na kutu. Kutu ilikuwapo tangu mwanzo. Walipaka juu yake. Maji ya chumvi yakapata ufa mdogo wa kuingilia, yakakosa pa kutokea, yakakaa humo yanafanya kazi yao usiku na mchana.

Gari yenu haikuzaliwa yadi. Imetumika Japani miaka mingi kabla ya kupanda meli, na kaskazini ya Japani, Hokkaido na mikoa ya jirani zake, kipindi cha baridi barabara zinamwagwa chumvi ili kuyeyusha theluji na barafu. Gari iliyoishi huko inaweza kufika bandarini kwetu Malindi juu inang'aa kama kioo, na chini imeshaanza kuliwa. Ndiyo maana nataka mumuulize muuzaji karatasi ya mnada. Gari nyingi za mitumba za Japani zinapita mnadani, na kila moja inaandikiwa karatasi yenye mchoro wa gari na herufi juu yake. Ukiona S, hiyo ni kutu. C ni kutu iliyokwisha kula bati. W ni pahala palipokwisha kunyooshwa na kupakwa upya. XX ni kipande kilichobadilishwa. Na alama ya jumla ya gari ikiwa R au RA, gari hiyo iligongwa ikatengenezwa. Kama karatasi ipo, mnaisoma kwa dakika tano. Kama haipo, hilo nalo ni jibu, na mtaitazama gari kwa macho makali zaidi.

Mwanangu, muuzaji akijua kwamba chini kuna kutu, kisha akapuliza weusi juu yake na kukutoza pesa, huko ni kuficha aibu ya bidhaa, na sisi tuna jina lake: ghashi. Simtuhumu huyo wenu, simjui. Nasema tu kwamba gari ya mitumba haipakwi andakoti kabla mnunuzi hajaiona chini ikiwa wazi. Mkikuta imeshapakwa, ombeni fundi wenu aikwangue kidogo sehemu mbili tatu.

Kinga ya chini inayofaa ipo, na mumeo anastahili kuipata. Gari inaoshwa chini kwa maji ya kasi, inaachwa ikauke siku nzima, kutu iliyolegea inakwanguliwa kwa brashi ya waya, inapakwa dawa yenye asidi ya fosforiki ambayo inaigeuza kutu iliyobaki, inafuata praima, yaani rangi ya kwanza ya chini. Mwisho inapulizwa dawa ya aina ya nta au mafuta mazito, na mrija wake unaingizwa mpaka ndani ya ile mihimili ya bodi iliyo tupu kama bomba, maana huko ndiko kutu inakojificha. Dawa ya namna hii haigandi ikawa ganda, inabaki na ulaini, kwa hiyo haipasuki. Inahitaji kurejewa kila mwaka au miaka miwili. Fundi bodi mzuri ataifanya kwa siku mbili, na mtalipia kazi mnayoiona kwa macho yenu. Wapo watakaowaambia mpulize oili chafu ya injini. Msikubali. Inaharibu mipira ya chini ya gari na inadondoka ardhini, nasi maji tunayokunywa Unguja tunayatoa chini ya ardhi hiyo hiyo.

Kuna kitu kimoja kidogo nakiomba mkifanye hata kama mtayasahau mengine yote. Chini ya kila mlango, kwenye ukingo wake, kuna matundu madogo. Ni ya kutolea maji ya mvua yanayoteremka kupitia kioo. Chukueni waya mwembamba, mpitishe tundu moja moja. Kwa gari inayokwenda Paje kila siku utatoka mchanga mweupe, unyevu, umeshindiliwa kama sukari iliyopata maji. Mchanga ule ndio uliooza milango ya tajiri wa mumeo. Maji yalijaa ndani ya mlango, hayakutoka, na seramiki ya nje isingeyafikia hata kama ingekuwa ya dhahabu.

Sasa hiyo 9H. Hapa nimekasirika kidogo, kwa sababu mwalimu wa skuli ameambiwa habari ya almasi mbele ya watu, na ni maneno ya kumtisha mtu asiulize. Hiyo H ni ya penseli. Ni penseli hizi hizi unazowapa watoto darasani, isipokuwa zimepangwa kwa ugumu: 9B ndiyo laini kupita zote, 9H ndiyo ngumu kupita zote. Kwenye jaribio hilo mtu anachukua penseli, anaikandamiza juu ya rangi, anaburura. Kama penseli ya 9H haikuacha mkwaruzo, wanaandika 9H. Basi. Almasi inapimwa kwa kipimo kingine kabisa, cha madini, na humo iko namba 10. Viwili hivyo havihusiani. Kokoto inayoruka kutoka tairi la lori la mchanga haijali penseli.

Halafu unene. Juu ya rangi ya gari kuna tabaka la kung'aa, mafundi wetu wanaliita kliya. Kliya ya kiwandani kwa kawaida ina mikroni 40 hivi (mikroni elfu moja ndiyo milimita moja), na unywele wa mtu ni kama mikroni 70. Seramiki ikishapakwa na kukauka ina mikroni moja au mbili. Hicho ndicho mnachoambiwa kitazuia jiwe. Kinachozuia jiwe kweli ni ile karatasi nene ya plastiki inayobandikwa juu ya rangi, ya mikroni 150 mpaka 200, na hiyo haimo kwenye kifurushi chenu, na kwa Noah ya mwaka 2010 nisingewashauri muigharamie.

Na saa moja na nusu! Seramiki ya kweli inataka gari ioshwe, isuguliwe kwa udongo maalumu unaonasa uchafu ulioganda, ipigwe polishi mpaka mikwaruzo iondoke, ifutwe mafuta yote, kisha dawa ipakwe kivulini kipande kwa kipande. Baada ya hapo gari haiguswi na maji siku nzima, na haioshwi kwa sabuni kama wiki moja. Ni kazi ya siku moja mpaka mbili. Anayekwambia utaipata ukimaliza glasi ya juisi, atapaka kitu, sikatai, na kitang'aa. Huenda kikawa ni polishi ya kupulizia tu. Hata kama chupa ina dawa ya kweli ndani yake, kupakwa juu ya rangi ya miaka kumi na tano bila kusafishwa ni kuifungia mikwaruzo na ukungu ndani, na baadaye mkitaka kuviondoa mtalazimika kuikwangua na hiyo seramiki yenyewe.

Nisiwe mdhalimu, seramiki si uongo. Ikipakwa na mtu anayeijua, maji yanakimbia juu ya gari kama juu ya jani la mgomba, vumbi haling'ang'anii, kuosha kunakuwa rahisi, na kinyesi cha ndege kinakupa muda kidogo wa kukiwahi. Kwa gari mpya kabisa, au gari iliyotoka kupakwa rangi yote, na mwenyewe ana pesa isiyo na kazi nyengine, ningemwambia afanye. Atafute fundi wa kazi hiyo mwenyewe, akae aione, alipe fundi. Yadi katikati ni mtu wa kuongeza bei tu.

Dhamana ya miaka mitano ombeni mwende nayo nyumbani mkaisome kabla ya kutia saini. Uisome wewe mwalimu, kwa sauti, mumeo akisikiliza. Tazameni nani anayeitoa, yadi au kiwanda. Tazameni kama mnatakiwa kuipeleka gari ikaguliwe kila mwaka kwa malipo, maana ukikosa mara moja dhamana inakufa. Tazameni kilichotolewa ndani yake: mara nyingi mawe, mikwaruzo, kinyesi cha ndege kilichokaa, kutu iliyokuwapo kabla, na maji ya bahari vyote vimetolewa, sasa kinabaki nini? Na tazameni wanaahidi kulipa nini. Karatasi nyingi za namna hii zinaahidi kupaka tena dawa ile ile, hazitaji kupiga rangi upya. Muuzaji akisema karatasi mtaipata baada ya kulipa, mshukuruni muondoke.

Dawa ya siti haina maneno mengi. Wageni watapanda na suruali za kuogelea zinazodondosha maji. Nunueni kava za siti za kufulika, seti mbili, moja ikifuliwa nyengine inafanya kazi.

Kuhusu rangi yenyewe, mmechagua nyeusi. Sikulaumu, nyeusi inapendeza ikiwa safi, lakini ndiyo inayoonesha kila mkwaruzo na ndiyo inayopata joto kali. Unguja iko digrii sita tu kusini ya ikweta. Jua linasimama utosini mara mbili kwa mwaka, na boneti na paa ndivyo vinavyobeba. Umeshaziona gari ambazo kliya yake imebambuka mabaka mabaka kama ngozi iliyoungua? Ikishafika hapo hakuna polishi wala seramiki, ni kupiga rangi tu. Kinga ya jua ni kivuli. Kama uwanjani kwenu Fuoni mna nafasi, simamisheni banda la makuti, boriti nne na kenchi nyepesi. Msiegeshe chini ya mwembe mkadhani ndio kivuli, utomvu wake unaunguza rangi, na mzambarau wakati wa matunda ndio kabisa. Na juu ya kila mti mjini wapo kunguru. Ndege hawa waliletwa hapa kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19, Tanzania Bara wanawaita kunguru wa Zanzibar, na kinyesi chao kikikauka juani saa chache tu kinachimba kliya. Dereva awe na chupa ya maji na kitambaa laini ndani ya gari. Anakilowesha, anakiacha kilainike, anakinyanyua. Hasugui.

Kuosha ndiko kwenye kinga yenyewe, na hapa mumeo atakuwa bingwa akiamua. Kipindi cha Kusi, tangu Juni mpaka Septemba, upepo unatoka baharini unapiga moja kwa moja pwani ya Paje, Bwejuu na Jambiani. Gari ikikaa huko mchana kutwa akisubiri wageni, jioni apitishe kidole kwenye kioo cha mbele akionje. Ni chumvi. Chumvi hiyo isilale na gari. Akifika nyumbani amwage maji, aanze chini, kwenye madigadi na nyuma ya tairi, kisha juu. Yawe maji matamu, ya bomba au ya mvua. Kule pwani atapata vijana wanaoosha gari kwa maji ya kisima, na visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi, kwa hiyo anaiosha gari chumvi kwa chumvi. Ile njia ya vumbi jeupe la mawe akiipita, asiifute gari ikiwa kavu hata kama mgeni amesimama anasubiri. Vumbi lile ni msasa. Kwanza maji, kisha kitambaa. Sabuni ya unga na ya vyombo ziacheni jikoni, zinaondoa nta yote, atumie shampuu ya gari. Ndoo mbili, moja ya sabuni, moja ya kusuuzia kitambaa. Mwisho aikaushe, maji ya kwetu yana chokaa na yakikaukia juu ya nyeusi yanaacha madoa ya mviringo.

Kila baada ya miezi miwili aipake nta. Iko ya karnauba, inatoka kwenye majani ya mti wa jamii ya minazi huko Brazili, kopo moja linatosha mwaka na zaidi. Gari iwe baridi, kivulini, apake nyembamba, asubiri, afute. Ni kazi ya asubuhi ya Ijumaa kabla ya kwenda kuoga. Wageni hawatojua tofauti yake na seramiki, na akichoka atakuwa amechoka kwa ajili ya gari yake.

Sasa pesa. "Hata hamtaisikia," kasema. Utaisikia mwanangu. Januari skuli zikifunguliwa na watoto watatu wanataka sare na madaftari, laki moja na elfu themanini utaisikia kila sarafu yake, na msimu wa masika wageni wakipungua mumeo ataisikia zaidi. Kitu kilichoweza kushuka laki mbili kabla hamjafungua mdomo kingeweza kushuka zaidi, na pengine hakikustahili bei ile tangu mwanzo. Ninyi mna gari ya kubeba roho za watu. Tairi nne zenye tarehe ya kutengenezwa ya karibuni, breki, mikanda ya siti inayofunga nyuma na mbele, hivyo vyote vinatangulia kung'aa. Mgeni anasamehe gari yenye vumbi, lakini tairi ikipasuka barabara ya Jozani na mvua inanyesha, hapo hakuna wa kusamehe.

Na hilo la gari zote za yadi kutoka na kifurushi: mmepatana milioni 19, basi mkataba uandikwe milioni 19. Kifurushi kikiwamo, kiwe na mstari wake na bei yake, ili kiweze kukatwa. Akikataa kuwauzia gari bila hicho, hapa Zanzibar tuna Tume ya Ushindani Halali wa Biashara, na kumlinda mlaji ni kazi yake. Mara nyingi kuitaja tu kwa heshima kunatosha. Kama anataka kuwafurahisha, mwombeni betri mpya na oili abadilishe kabla ya kuichukua.

Nimalizie na nyumba yako. Mumeo anaogopa, na nimemwelewa. Miaka sita ameona gari ya tajiri inaoza mikononi mwake, na yeye ndiye aliyekuwa akiiosha. Sasa anapata yake kwa mara ya kwanza, na mtu mwenye shati safi anamwambia ipo dawa ya kuizuia isioze. Nani asingeitaka? Kwa hiyo usimwendee na "hatulipi". Mwendee na laki tano, sita, mkae mpange: hii ya fundi wa chini, hii ya boriti na makuti, hii ya nta na kava. Kilichobaki ni tairi. Mama mkwe naye atapumua, maana mwanawe ndiye atakayekuwa anayesimamia fundi.

Jumamosi nendeni yadi saa kumi jioni, jua likiwa limeinama. Asubuhi yadi zinamwagia gari maji, na gari ikiwa imelowa mikwaruzo yote inafichika. Chukueni tochi na kipande cha sumaku mlichokifunga kwenye kitambaa laini. Ipitisheni milangoni na juu ya madigadi. Pahala isiposhika, chini ya rangi kuna pati nene, ile ya kujazia mabonde ya bati, muulizeni palikuwa na nini. Bampa msishangae, zile ni plastiki. Tazameni mipira ya madirisha kama ina matone ya rangi, ndipo mtakapojua imeshapigwa rangi. Fungueni milango yote minne na wa nyuma, inameni kwenye kingo, mtoe ule waya.

Na chukueni mkeka. Mtalala chini ya gari, wewe upande mmoja na mumeo upande wa pili, kila mmoja na tochi yake, mpaka kila mmoja aseme anachokiona.